Shanga za Nyongeza

Jua la Kisumu siku hiyo lilikuwa linachoma mpaka lami inanata kwenye viatu, mwezi mzima hakujadondoka tone la mvua, na bado mkebe mmoja katika duka la Waithira ulikuwa umelowa.

Nakhungu aliuona, lakini hakuutilia maanani. Alikuwa na yake. Tangu asubuhi anazunguka mji na mtoto mgongoni akitafuta shanga za buluu, na si buluu yoyote, ni ile ya kitambaa cha harusi, kipande alichokifumbata mkononi mpaka kikalowa jasho. Duka la kwanza lilikuwa na buluu ya sare za shule. La pili walimwambia arudi Jumatatu, na harusi ni Jumamosi. La tatu alikuta kufuli, na jirani akamwambia mwenyewe ameenda matanga, labda atarudi, labda hatarudi.

Na yote haya hayangekuwa, kama wangemwambia mapema. Alitoka Webuye kuja harusi ya shemeji yake Gordon, huko Ahero, na kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amejitolea kuwatengenezea mikufu wanawake kumi na wawili watakaomsindikiza bibi harusi. Ndiyo kazi anayoiweza. Alibeba shanga nyekundu mfuko mzima. Kufika tu, wifi yake Rosa akazitazama akacheka. "Nyekundu? Kwani Dalmas hakukuambia? Tulibadilisha rangi kitambo." Dalmas, mume wake, alipopigiwa simu alisema, "Aa, nilisahau."

Kwa hiyo duka hili la nne, lililojibana kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya nguo, lilikuwa tumaini la mwisho. Ukutani zilining'inia nyuzi za nailoni, koleo ndogo za kubania, vishikizo vya shaba, na chini yake mikebe ya shanga imepangwa mpaka sakafuni. Mwenye duka, Waithira, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa na simu sikioni, na alimjibu Nakhungu bila kuikata.

"Hiyo buluu iko, Mama, lakini imebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mikufu kumi na miwili itatosha, ukiacha katikati."

"Mkufu usio na katikati ni mkufu gani sasa?"

"Katikati si uweke nyeupe."

"Nyeupe ziko?"

"Nyeupe zimeisha."

Nakhungu alitamani kukaa chini palepale alie. Mgongoni Sheryl, binti yake wa miezi minane, alikuwa akilia tangu duka la pili, kilio kile cha kukwaruza, na sasa hata yeye aliona mtoto ana haki, kama yeye ndiye angekuwa amebebwa mgongoni angelia pia.

Halafu Sheryl akanyamaza. Ghafla tu. Alijivuta upande, leso ikanyooka, akanyoosha mkono kuelekea chini ya rafu ya mwisho, kwenye ule mkebe uliolowa. Ulikuwa mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, umepata kutu pembeni, na matone yalikuwa yanateremka juu yake kama soda iliyotolewa kwenye friji.

"Na zile?" Nakhungu akauliza.

"Zile si za kuuza."

"Kama si za kuuza zinafanya nini dukani?"

Waithira hatimaye alikata simu. "Nilizikuta. Mama mzee aliyeniachia hili duka, mtu wa huku, aliniambia mkebe huo usiuze, hata mtu akuje na gunia la pesa. Sikuuliza. Mimi ni wa Murang'a, mambo ya ziwa lenu siyajui."

"Lenu na nani? Mimi ni Mbukusu."

Wakacheka wote wawili, wageni wawili kwenye mji wa wenyewe. Waithira akaufungua mkebe ili amwonyeshe tu. Shanga zilikuwa kubwa kidogo kuliko za siku hizi, za kioo, buluu inayokaribia kijani, rangi ya ziwa pale magugu yanapoachana. Nakhungu akaweka kitambaa cha harusi juu yake. Hakikuonekana kilipoishia.

"Niuzie hizi."

"Nimekwambia."

"Basi usiniuzie. Nipimie ile buluu ya kwanza, halafu hizi niongeze."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwenye neno dogo ambalo kila mama wa sokoni analisema mara ishirini kwa siku. Kwa maana hakuna anayenunua kitu huku akaondoka hivi hivi. Wa nyanya akishapanga fungu lake anatupia moja juu. Wa dagaa wa omena akishajaza mkebe wa gorogoro anashika konzi nyingine anamwaga, na asipomwaga unamwambia, "Na nyongeza yangu?" Nyongeza haiuzwi. Nyongeza ni upendo, ndiyo inayokurudisha kesho.

Waithira alikuna shingo. "Kuuza ndio nilikatazwa," akasema polepole. "Kuongeza sikukatazwa."

"Si ndio nakwambia!"

Akachota kwa kijiko cha chai, akamimina kwenye karatasi, akaikunja. Nakhungu aliposhika ile karatasi ilikuwa baridi, na ikapita harufu, kidogo tu, ya matope na ya samaki aliyesahaulika kivulini. Waithira alikuwa anapangusa mkono kwenye sketi yake. Akapangusa tena. Nakhungu alipotoka nje na kugeuka kumuaga, alimkuta bado anapangusa.

*

Mtu wa shanga hahesabu kwa sauti wala hahesabu kwa kichwa, anahesabu kwa midomo. Nakhungu alifundishwa na mama yake hivyo: midomo inacheza, sauti haitoki, vidole vinafuata. Ukimwona mwanamke ameinama juu ya ungo midomo ikitembea utadhani anasali. Katikati ya kila mkufu zilitakiwa shanga saba kubwa. Aliporudi Ahero akakaa kwenye mkeka sebuleni kwa Rosa, Sheryl amelala kando, akatunga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Akafunga fundo. Akaangalia.

Nane.

Akafungua fundo, akatoa moja, akarudishia. Nane. Akavuta zote, akazimwaga kwenye ungo, akaanza upya, safari hii akigusa kila moja kwa ncha ya sindano. Saba. Akafunga. Nane.

Rosa alipita na beseni la nguo. Alikuwa dada mkubwa wa Dalmas, mjane, mwanamke wa maneno, na hakuwahi kumsamehe kaka yake kwa kuoa mbali.

"Mama Sheryl, hiyo ndiyo ya kwanza mpaka saa hii?"

"Inazidi moja."

"Toa moja."

"Nimetoa."

"Sasa imezidi vipi?"

"Ningejua ningekuwa nakaa hapa hivi?"

"Dalmas alituambia umemaliza Form Four."

"Nimemaliza. Na hesabu nilipata B."

"Hiyo B ulinunua," Rosa akasema, akaenda zake kuanika.

Uzi ukakatika. Shanga zikatawanyika sakafuni, na Nakhungu akatambaa kuzikusanya huku akitukana kwa Kibukusu, maneno ambayo mama yake angemzaba kofi. Zilikuwa zimesimama zote, ila moja bado ilikuwa inazunguka mahali, trrr, chini ya kochi. Ikanyamaza. Ikaanza tena, trrr, ikaelekea upande wa mkeka, polepole, kama mtoto anayetambaa anavyosimama kuangalia kama umemwona. Ikafika kwenye miguu ya Sheryl. Ikanyamaza.

Rosa alileta chai saa kumi. Aliweka sinia, akamimina, akaketi, kisha akakunja uso. "Nani ametoa kikombe cha tatu?"

Vikombe vilikuwa vitatu. Watu walikuwa wawili, na mtoto hanywi chai.

"Si wewe umeleta?"

"Mimi nimeleta viwili. Mimi sijawa mzee hivyo."

Walinywa vyao. Kile cha tatu hakuna aliyekigusa, lakini Rosa alipokusanya vyombo alikiinamisha na chai haikuwemo. Ndani kulikuwa na matope, kidonge kidogo cha matope meusi, kama yale yanayobaki mlangoni maji ya mafuriko yakishateremka kurudi ziwani. Rosa akamtazama Nakhungu, Nakhungu akamtazama Rosa, kisha Rosa akakifunika kile kikombe kwa kitambaa na kukitoa nje.

Jioni, alipomaliza kuitunga mikufu yote kumi na miwili na kuiacha nane ibaki nane, Nakhungu akamwogesha mtoto. Kiunoni Sheryl alikuwa na uzi wa shanga nyeupe, alizovishwa na bibi yake siku ya kupewa jina, kama wanavyovishwa watoto wengi wa kwao, si urembo tu bali ni kipimo: uzi ukibana, mtoto anakua, na mama anaulegeza kwa furaha. Asubuhi hiyo hiyo ulikuwa umembana mpaka umeacha alama tumboni, na Nakhungu alikuwa amejiambia, nikimaliza hii mikufu nitamlegezea. Sasa alimsimamisha kwenye beseni, na uzi ukateremka. Ukapita nyonga, ukapita mapaja, ukaanguka kwenye maji, kabisa, umezunguka vifundo vya miguu kama pete.

Alimwinua. Mtoto alikuja juu upesi mno, kama unapoinua mtungi ukidhani umejaa kumbe ni mtupu.

"Mama Opondo," akamwita Rosa. "Mama Opondo, njoo umbebe. Niambie kama ni mimi."

Rosa alimbeba. Akamrudisha haraka. "Uwi! Nyasaye, Mungu wangu. Huyu mtoto amekula nini leo?"

"Amenyonya. Amenyonya siku nzima."

Na ilikuwa kweli, alikuwa amenyonya titi la kulia, na Nakhungu akamgeuzia la kushoto ambalo tangu mchana hakuwa amempa na lilitakiwa kuwa limejaa mpaka linauma, na akakuta limelegea, limekauka, limenyonywa lote, na ngozi yake ilikuwa baridi kama kitu kilichokaa majini.

Akampigia Dalmas. Dalmas akasema ni joto la Ahero, ampe mtoto maji mengi, na akauliza mikufu imefika wapi.

Hakulala, na kitu gani kingemlaza, alikaa amejibana ukutani na Sheryl kifuani akisikiliza pumzi chumbani, yake nzito, ya mtoto nyepesi, ya Rosa upande wa pili wa pazia yenye mkoromo, na nyingine, fupi fupi, yenye majimaji, ambayo kila alipoziba pumzi yake ili aisikie vizuri nayo ilizibwa, na kila alipoachia nayo iliachia, na ilikuwa inatoka chini, usawa wa mkeka, pale ambapo angekuwa amelala mtoto mdogo kama angekuwa na mtoto mwingine. Kulipopambazuka alichukua mkasi akakata katikati ya kila mkufu aliokuwa amemaliza, akazitoa zile shanga zote, akazirudisha kwenye karatasi yake.

*

"Nyongeza hairudishwi," Waithira alisema.

Alisema hivyo kabla hata Nakhungu hajafungua mdomo. Alikuwa amesimama katikati ya mlango wa duka, mikono huku na huku.

"Sitaki pesa. Chukua tu."

"Mama, ukirudisha nyongeza umerudisha na baraka. Biashara haiendi hivyo."

"Baraka gani? Baraka gani, wewe? Mshike huyu mtoto! Mshike uone alivyo!"

Waithira hakumshika. Alimtazama Sheryl kwa upande, macho ya mtoto yalikuwa yamekuwa makubwa kwenye uso uliosinyaa, kisha akaangalia sakafu. Nyuma yake, chini ya rafu ya mwisho, ule mkebe ulikuwa mkavu. Mkavu kabisa, kutu imeanza kumomonyoka kama unga.

"Ulikuwa ukitoa maji miaka mitatu," Waithira alinong'ona. "Kila asubuhi nafuta. Kila asubuhi. Vitu vilikuwa vinazidi humu ndani, viti, vikombe, wateja naona kama wameingia watano wametoka sita. Nikajizoesha, mtu anazoea. Leo nimekuja nikakuta pakavu. Nisamehe. Haki, nisamehe, lakini hairudi hapa."

"Ulijua!"

"Sikujua! Nilijua kidogo."

"Mimi nina mtoto!"

"Na mimi nina watatu," Waithira akasema, na machozi yakamtoka. Akaanza kuvuta mlango wa chuma. Ulipobaki upenyo wa kichwa akasema haraka haraka, "Yule mama mzee alikuwa anaenda kwa mwanamke mmoja Dunga, anaanika omena, ni wa kanisa la Roho, wanamwita Metrine. Nenda sasa hivi. Na Mama..."

"Nini?"

"Zile nyeupe zimefika."

Mlango ukafungwa. Nakhungu alisimama kwenye kichochoro, akacheka. Alicheka mpaka fundi wa cherehani wa jirani akainua kichwa.

*

Metrine hakuwa mzee, na hakuwa na muda. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu kichwani na amekunja sketi magotini, anatandaza omena kwenye nyavu pamoja na wanawake wengine huku anawafukuza korongo kwa fimbo.

"Kama ni omena, ya leo bado mbichi."

"Si omena."

Akageuka. Akamtazama Sheryl, ambaye mama yake alikuwa amemfunga kwa leso mbili kwa kuogopa upepo. Akaweka fimbo chini. "Ulichukua nini, na ulichukua wapi?"

Nakhungu akamwambia yote kwa pumzi moja, duka, mkebe, saba zinazokuwa nane, kikombe, uzi wa kiunoni, na Metrine alisikiliza akichambua mabaki ya majani kwenye omena, hakuacha kazi hata kidogo, mpaka aliposikia neno nyongeza.

"Ulisema ongeza? Kwa mdomo wako?"

"Nilisema."

"Mungu wangu. Si ungeiba tu, ingekuwa rahisi." Akapangusa mikono. "Sikiliza, mtoto wa kwetu. Kuna wanawake hapa walikuwa wanapandwa na mambo ya ziwani. Wengine wanaita pepo, wengine jini, ita unavyotaka. Likimpanda mtu linadai shanga, anavalishwa. Akiombewa likatoka, shanga zinavuliwa, zinawekwa mahali zikae, na lenyewe linakaa nazo. Mtu akinunua, amelipa, mambo yamekwisha, anaweza kurudisha. Wewe ulisema ongeza. Limesikia ongeza. Sasa nalo linaongeza, na kila linachoongeza linatoa kwako. Shanga moja, kikombe kimoja. Litaongeza mpaka huyu aishe."

"Ni kubwa?"

"Dogo. Ni kama mtoto. Hilo ndilo baya, Mama Sheryl. Kubwa linataka heshima, unalipa linaenda. Mtoto anataka mama."

Akamshika mkono akampeleka pembeni, pale magugu yalipoacha nafasi na maji yalikuwa meusi. Jua lilikuwa karibu utosini.

"Rudisha zake zote, halafu utoe nyongeza yako. Kitu chako, kitakachokuuma. Na usihesabu. Unanisikia? Chochote utakachofanya, usihesabu. Kwenu watoto wanahesabiwa?"

"Hapana. Bibi alikataza."

"Alikataza kwa nini?"

"Ukihesabu unaita."

"Basi."

Metrine akapiga magoti kwenye mchanga akaanza kuomba, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Dholuo, halafu kwa kitu kisicho chochote kati ya hivyo, na wale wanawake wa omena, bila kuambiwa, wakaanza kupiga makofi taratibu huku wakiendelea kutandaza.

Nakhungu akafungua karatasi akaimwaga. Shanga zikazama bila sauti. Nyuma yake, mchangani, akasikia trrr.

Akavua heleni zake, akazitupa. Trrr, karibu zaidi. Akatupa koleo yake nzuri ya kubania. Trrr. Akatoa simu, akasita, akaitupa, na maji yakaimeza, na kile kitu kikazunguka nyuma ya visigino vyake, trrr, trrr, chenye furaha sasa, kama mtoto anayeona mchezo umenoga. Hasira ikampanda, ile ya siku tatu, ya rangi iliyobadilishwa na nyeupe zilizokwisha na B iliyonunuliwa, akapiga kelele, "Unataka nini? Sema basi! Unataka nini kwangu?" Mgongoni hakukuwa na uzito wowote. Leso tu.

Alijua. Alikuwa anajua tangu alipofika, ndiyo maana ule mfuko hakuuweka chini. Ndani yake mlikuwa na mikufu kumi na miwili isiyo na katikati. Kazi ya vidole vyake, isiyo na kasoro, iliyosubiri tu hizo nyeupe zilizofika, na kesho wanawake kumi na wawili wangesimama mbele ya ukoo wote wa Dalmas, na Rosa angelazimika kunyamaza. Akatumbukiza mkono. Ilikuwa imeshikana, haikutoka kwa pamoja, ilimbidi aichambue mmoja mmoja. Akatupa wa kwanza. Akatupa mwingine. Machozi yalimziba macho na akawa anasikia tu, chubwi, chubwi, na makofi ya wanawake, na maombi ya Metrine yanapanda, na trrr inapungua, inasogea majini, chubwi, inazama, chubwi, na mgongoni kitu kikaanza kumlemea, kizito, cha moto, na Sheryl akalia. Kilio kikubwa, kibaya, cha kukwaruza, kitamu kuliko wimbo wowote.

Mfuko ulikuwa mtupu. Kumi na miwili, akajiambia. Sawasawa. Hakuna uliozidi.

Midomo yake ikasimama.

Metrine alikuwa amefumbua macho, anamtazama, jasho linamtoka. Aliitazama ile midomo.

"Ulihesabu?"

Sheryl alikuwa anampiga mateke mgongoni, mateke ya mtoto mzima, mwenye njaa. Maji yalikuwa yametulia.

"Hapana," Nakhungu akasema.

*

Harusi ilifanyika shingo zikiwa tupu. Rosa hakumtetea, lakini hakumsema pia, na wakati wa kugawa chakula alisimama muda mrefu mbele ya sahani akiwa anazigusa kwa kidole, kisha akaona Nakhungu anamtazama, akaacha. Dalmas alinuna kwa ajili ya simu. Watu wakacheza mpaka vumbi likasimama. Jumatatu Nakhungu akawa Webuye, nyumbani kwake, na kwa siku tano hakutunga hata shanga moja.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Jua lilikuwa kali, akina mama wamepanga foleni kwenye benchi la nje, na Sheryl kiunoni uzi ulikuwa umembana tena mpaka umeacha alama. Nakhungu aliipapasa ile alama kwa kidole njia nzima, kwa raha. Nesi akamweka mtoto kwenye mzani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ameongezeka vizuri. Hongera, Mama." Akachukua kalamu bila kuinua macho. "Una watoto wangapi?"

"Wawili," Nakhungu akasema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama mtu anavyotaja jina lake. Akalisikia likiwa tayari liko nje. Alitaka kulirudisha, akafungua mdomo, na nesi alikuwa ameshaandika. Alikuwa amegeuza ukurasa na sasa alikuwa anainama, anachungulia ng'ambo ya meza, kando ya sketi ya Nakhungu, chini, kwa lile tabasamu la manesi.

"Na huyu mwingine, kadi yake iko wapi?" akauliza. Kisha akakunja uso kidogo. "Mbona miguu imelowa hivi, Mama? Kwani huko nje kunanyesha?"

Kitu kikamvuta sketi, taratibu, upande wa kushoto. Sheryl, kutoka kwenye mzani, akanyoosha mkono kukielekea, akacheka. Nakhungu hakuangalia chini. Aliangalia mbele, ukutani, pale palipobandikwa picha ya mtoto mwenye afya, na midomo yake, bila sauti, bila ruhusa yake, ilikuwa imekwisha kuanza: moja, mbili.